Anayelipwa ni nani: mkulima au shamba?

Swali: Shikamoo Daktari. Mdogo wangu anaishi Iowa, Marekani, huu ni mwaka wa sita, anaendesha trekta kwenye shamba la watu. Juzi alinitumia orodha ya ruzuku ya kilimo iliyolipwa kwenye kaunti anayoishi, majina na hela zao, imewekwa wazi kila mtu aione. Mzee jirani yake, ana miaka themanini na kitu na hajalima tangu mkewe afariki, yumo. Mama mmoja anayeishi Chicago, hata buti za shamba hana, yumo. Kampuni ya familia moja imelipwa hela ya kutisha. Lakini bwana anayelima nyanya na pilipili kando ya barabara, ambaye alfajiri yuko shambani na jioni yuko shambani, hayumo kabisa. Mdogo wangu anasema huu ni ufisadi tu, hauna tofauti na wa kwingine. Anasema pia kwamba hela nyingi zilikuja wakati bei ya mahindi imeanza kupanda. Ni kweli? Na yeye akikodi ekari kumi zake mwenyewe, anaweza kupata chochote?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mdogo wako ameona sawasawa, ila amehukumu haraka. Walaghai wapo, sikatai. Penye hela ya serikali hawakosekani. Lakini hao uliowataja, yaani mzee, mama wa Chicago na ile kampuni, ninavyozijua orodha hizi, kuna uwezekano mkubwa kwamba wamelipwa kwa mujibu wa sheria, kifungu kwa kifungu. Mimi hilo ndilo hunishangaza kuliko wizi.

Ukitaka kuelewa orodha ya kaunti yoyote ya kule, usianze kwa kuuliza nani analima. Uliza ni shamba gani, na kwenye daftari la ofisi limeandikwa nini. Hela ya ruzuku ya Marekani kwa sehemu kubwa haifuati jembe. Inafuata ardhi, na historia ya ardhi hiyo kwenye karatasi. Sisi tumezoea kusema mchumia juani hulia kivulini. Kwenye orodha ile utawakuta wanaolia kivulini ambao juani hawakwenda miaka thelathini.

Iowa ina kaunti 99, na karibu kila moja ina ofisi ya FSA, wakala wa Wizara ya Kilimo unaosimamia malipo haya. Niliwahi kushinda siku kadhaa kwenye ofisi moja ya aina hiyo, mwezi wa Julai, kwa sababu tarehe 15 Julai ndiyo mwisho wa wakulima kuripoti walichopanda msimu wa masika. Mkulima anafika kaunta, karani anamtolea picha ya shamba lake iliyopigwa kutoka angani. Kila kipande kimezungushiwa mstari, kina namba yake, na ekari zake zimeandikwa hadi nukta mbili: 37.62, 11.08, hivyo hivyo. Mkulima anachukua kalamu na kuandika juu ya kila kipande: mahindi, tarehe fulani, soya, tarehe fulani. Kisha anatia sahihi. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu alibishana na karani karibu robo saa juu ya ukanda wa nyasi ulio kando ya mtaro, kitu kisichofika nusu ekari. Niliona kama kichekesho. Baadaye nikaelewa kwamba pale ndipo hela inapoamuliwa, juu ya ile picha, na anayeijua kazi yake habanduki kaunta mpaka mistari yake ikae sawa.

Sasa, walichopanda mwaka huu ni sehemu ndogo tu ya habari. Faili la kila shamba lina kitu kingine kinachoitwa ekari za msingi. Hizi ni ekari ambazo serikali iliziandika zamani kwamba shamba hili lina historia ya mahindi, au ngano, au soya, kutokana na kilichokuwa kikipandwa miaka iliyopita. Mwaka 2002 wenye mashamba waliruhusiwa kusahihisha rekodi hiyo, na sheria ya mwaka 2014 ikawaruhusu kuzipanga upya kwa kutazama walichopanda kati ya 2009 na 2012. Baada ya hapo rekodi hukaa. Shamba likiuzwa, ekari za msingi huenda na shamba. Mwenye nalo akifariki, hurithiwa pamoja na ghala na nyumba.

Nikupe hesabu, maana bila hesabu mambo haya huwa hadithi. Upo mpango unaoitwa PLC. Sheria huweka bei ya rejea. Kwa mahindi, kuanzia mwaka 2014, ilikuwa dola 3.70 kwa busheli. Busheli ya mahindi ni ratili 56, karibu kilo 25 na nusu. Wastani wa bei ya nchi nzima kwa msimu ukishuka chini ya hapo, serikali hulipa tofauti. Kwa mahindi ya mwaka 2016 wastani ulikuwa dola 3.36, kwa hiyo tofauti ni senti 34. Chukua shamba lenye ekari 200 za msingi za mahindi, ambalo mavuno yake kwenye faili ni busheli 150 kwa ekari. Hulipwi ekari zote, unalipwa asilimia 85, yaani 170. Zidisha mara 150, unapata busheli 25,500. Zidisha mara senti 34: dola 8,670, kabla ya makato madogo ya bajeti ya miaka ile.

Itazame hesabu hiyo tena. Hakuna mahali popote nilipouliza mwaka 2016 ulipanda nini. Ungeweza kupanda soya ekari zote 200, usitie hata punje moja ya mahindi, bado dola zile ni zako kwa sababu daftari linasema hili ni shamba la mahindi. Hata mavuno niliyozidisha si uliyovuna mwaka ule; ni namba ya faili. Wataalamu wana sababu yao ya kupenda mpango wa namna hii: malipo yasiyotegemea ulichopanda hayamshawishi mkulima kujaza soko na zao moja. Sababu hiyo ina uzito. Lakini matokeo yake ndiyo hayo mdogo wako anayoyaona akiwa juu ya trekta.

Kulikuwa na wakati mambo yalikuwa ya wazi zaidi. Mpaka mwaka 2013 serikali ilikuwa ikilipa kiwango maalumu kila mwaka, bei iwe juu au chini. Mahindi yalikuwa na senti 28 kwa busheli ya rekodi. Mwaka 2006 gazeti la Washington Post liliandika habari za mashamba ya mpunga ya Texas yaliyokatwakatwa viwanja, watu wakajenga nyumba, na malipo ya mpunga yakaendelea kuja kwa wenye nyumba ambao maishani hawakuwahi kupanda mpunga. Sheria ya mwaka 2008 ikazuia malipo kwa mashamba mengi yenye ekari za msingi kumi au chini yake, na ile ya mwaka 2014 ikafuta kabisa malipo hayo ya kila mwaka. Ekari za msingi zenyewe hazikufutwa. Kinyume chake, sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeruhusu ziongezwe hadi ekari milioni 30 mpya, ikapandisha bei ya rejea ya mahindi hadi dola 4.10 na ya soya kutoka dola 8.40 hadi dola 10.

Sasa tuje kwa mzee.

Kuna njia mbili kuu za mtu asiyelima kuingia kwenye orodha, na kwa umri wake ningeanza na ya kwanza: CRP. Mpango huu ulianzishwa mwaka 1985. Serikali hukodi ardhi ya mkulima kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15, na mkulima anaiacha isilimwe. Hupanda nyasi au miti ili udongo usichukuliwe na maji. Kodi hulipwa kila mwaka, kuanzia Oktoba, na hupangwa kwa kutazama kodi ya kawaida ya mashamba ya kaunti ile. Mtu mmoja hapati zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Kwa hiyo yule mzee huenda kweli analipwa kwa kutolima, lakini si zawadi: amekodisha ardhi yake, mpangaji wake akiwa serikali. Mwambie mdogo wako atazame shamba la mzee kama lina mteremko umejaa nyasi ndefu ambazo hazikatwi wala hazilishwi ng'ombe. Akiuona, amepata jibu. Binafsi ninauona huu kuwa mmoja wa mipango ya busara kuliko mingine yote. Anayepita pale mvua ikinyesha ataona mtaro wa jirani una maji ya matope na wa kwake una maji masafi.

Njia ya pili ni aina ya ukodishaji. Mwenye shamba akimkodisha mtu kwa fedha taslimu, kiasi fulani kwa ekari, ruzuku ya mazao huenda kwa aliyekodi, kwa sababu yeye ndiye anayebeba hatari. Lakini wakikubaliana kugawana mavuno, nusu kwa nusu kwa mfano, basi na ruzuku hugawanywa vivyo hivyo. Mwenye shamba hatakiwi kushika jembe. Sheria inauhesabu mchango wake wa ardhi kuwa unatosha. Mama wa Chicago nadhani ni huyu. Amerithi ekari za baba yake, amemwachia mwana wa jirani alime wagawane, na kila Oktoba huingiziwa hela benki. Na wala si mtu wa ajabu. Utafiti wa Wizara ya Kilimo wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 39 ya ardhi ya mashamba Marekani imekodishwa, na asilimia 80 ya hiyo inamilikiwa na watu wasiolima wenyewe. (Mdogo wako aangalie pia orodha yake imepangwa kwa kaunti ya shamba au kwa anwani ya mpokeaji. Ziko za aina zote mbili, na kuna watu hulinganisha kaunti mbili bila kujua kwamba moja inahesabu mashamba na nyingine inahesabu masanduku ya barua.)

Hata pale jina la mwenye shamba lisipoonekana, usidhani hakupata. Ruzuku ikiongezeka, aliyekodi ana uwezo wa kulipa kodi kubwa zaidi, na mwenye shamba analijua hilo; wote wawili wanasoma gazeti moja. Mchumi Barrett Kirwan alipima jambo hili katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, akakuta kama senti 25 za kila dola ya nyongeza ya ruzuku zinaishia kwa mwenye ardhi kupitia kodi. Wengi, na mimi nikiwemo, tulitarajia namba kubwa zaidi. Lakini alikuwa anapima kodi ya mwaka hadi mwaka, na kodi za vijijini hubadilika polepole: watu wanaabudu kanisa moja, watoto wao wamesoma pamoja, si rahisi kumpandishia mtu kodi kila msimu. Bei ya kununua shamba haina aibu kama hiyo. Shamba lenye ekari za msingi nzuri, tangazo lake la mnada huzitaja kabisa, kama vile wewe ungetangaza kiwanja chenye kisima.

Jambo hili si la jana. Sheria ya kwanza ya malipo haya ilitiwa saini na Rais Roosevelt tarehe 12 Mei 1933, wakati bei zilikuwa zimeanguka mpaka watu wa Iowa wanachoma mahindi kama kuni. Serikali iliwalipa wakulima wapunguze mazao. Mwaka ule pamba iliyokwisha kuota iliteketezwa kwa plau, na nguruwe wapatao milioni sita wakachinjwa ili bei ipande. Kusini, kwenye pamba, hundi ziliandikwa kwa jina la mwenye shamba. Walimaji wa kugawana mavuno, weusi kwa weupe, walitakiwa kupata sehemu yao kutoka mkononi mwake. Wengi hawakupata. Wengi zaidi walifukuzwa, kwa kuwa serikali ilikuwa imelipia ardhi ikae bure na ardhi iliyokaa bure haihitaji watu. Julai 1934, mji mdogo wa Tyronza huko Arkansas, walimaji wa rangi zote mbili wakaunda chama chao kupinga hilo. Ninapoona jina la mtu wa mjini kwenye orodha ya kaunti ya mashamba, huwa nawakumbuka wale.

Ile kampuni ya familia sasa. Kuna kikomo: mtu mmoja hakuruhusiwa kupata zaidi ya dola 125,000 kwa mwaka kwenye mipango ya mazao, na sheria ya 2025 imekipandisha hadi 155,000. Mwenye kipato cha wastani kinachozidi dola 900,000 kwa kawaida hastahili. Ukisoma hivyo unaona kuna ukuta. Lakini ubia wa kawaida hauhesabiwi kama mtu mmoja. Kila mbia ana kikomo chake: baba, mama, mwana, mke wa mwana, wanne hao, vikomo vinne. Sheria ya mwaka 2018 ikaongeza duara la familia wakaingia binamu na wapwa. Sisi tunaojua ukoo unavyoweza kurefushwa msibani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Sheria ya 2025 imefungua mlango huo huo kwa aina nyingine za kampuni. Anayetakiwa kuonyesha kazi anaweza kuonyesha usimamizi, na usimamizi unaweza kufanywa kwa simu. Hapa ndipo ninapokubaliana na mdogo wako kwa moyo wote, isipokuwa jina tu: yeye anauita ufisadi, wanasheria wanauita mpango wa uendeshaji wa shamba, na una fomu yake.

Kuhusu hela kuja wakati bei inapanda: ni kweli na sababu yake ni kalenda. Msimu wa mauzo ya mahindi huanza tarehe 1 Septemba na kuisha 31 Agosti mwaka unaofuata. Wastani wa bei haujulikani mpaka msimu uishe, ndipo malipo yanatolewa Oktoba. Mahindi yaliyopandwa masika ya 2019 yalilipiwa Oktoba 2020. Mkulima aliyeumia mwaka 2019 akaona hela mwaka mmoja na nusu baada ya kupanda, wakati soko limeanza kugeuka. Mahindi hayo ya 2019 yalikuwa na wastani wa dola 3.56, lakini yale ya 2020 yakafika 4.53 na ya 2021 yakafika karibu dola 6. Ukiweka hundi na bei kwenye mstari mmoja wa mwaka, inaonekana serikali inamwongezea aliyeshiba.

Lakini mwaka 2020 ulikuwa na mengine. Nchi nzima malipo ya moja kwa moja yalizidi dola bilioni 45, rekodi, na sehemu kubwa haikutoka kwenye mipango ya kawaida bali kwenye hela za dharura za korona na za vita vya ushuru na China. Hizi za dharura zina tabia yake. Mwaka 2018, China ilipoweka ushuru wa asilimia 25 kwenye soya ya Marekani, serikali iliwalipa wakulima kwa walichovuna kweli: soya dola 1.65 kwa busheli, mahindi senti moja. Ndiyo, senti moja. Mwenye ekari 200 za mahindi zilizotoa busheli 180 kila moja alipata dola 360. Jirani yake mwenye ekari 200 za soya zilizotoa busheli 55 alipata dola 18,150. Mwaka uliofuata wakabadili, wakaweka kiwango kimoja kwa kila kaunti, kuanzia dola 15 hadi 150 kwa ekari iliyopandwa, zao lolote kati ya yaliyomo kwenye mpango. Yule wa upande huu wa barabara akapata kiwango hiki, wa upande ule kile, kwa kuwa mpaka wa kaunti unapita katikati ya lami. Nenda ukawaeleze hao kwamba ni takwimu.

Na kuna hela ambayo mdogo wako hataiona kwenye orodha hata akitafuta usiku kucha: bima ya mazao. Mkulima hununua bima kutoka kwa wakala wa kampuni binafsi. Kwa mazao ya masika ya Iowa, mwisho wa kuinunua ni tarehe 15 Machi. Serikali hulipa sehemu ya ada, kwa wastani karibu asilimia 62 ya ada yote, na inazibeba hasara pamoja na kampuni. Ruzuku ya ada hiyo haina kikomo cha mtu wala haiulizi kipato, na majina ya wanaonufaika hayatangazwi. Kwa wakulima wengi wa mahindi na soya ndiyo nguzo hasa. Kwa hiyo orodha ya kaunti ni dirisha moja la nyumba, na si dirisha la sebuleni.

Bwana wa nyanya. Hayumo kwa sababu nyanya haimo. Mipango ya bei inahusu mazao yaliyoorodheshwa: mahindi, soya, ngano, mtama, shayiri, mpunga, karanga, pamba na jamaa zake wachache. Orodha ile ya kwanza ya mwaka 1933 ilikuwa ya ngano, pamba, mahindi, nguruwe, mpunga, tumbaku na maziwa; imebadilika tangu hapo, lakini mboga na matunda hayakuingizwa kwenye malipo ya aina hii. Zaidi ya hayo, ukipanda mboga kwenye ekari za msingi kupita asilimia 15, malipo ya ekari hizo hupunguzwa. Wakulima wa mboga wa mikoa mingine walilipenda sharti hilo, maana hawakutaka mwenye ruzuku ya mahindi aje kushindana nao kwenye nyanya. Yule bwana basi amefungiwa nje kwa namna mbili, na huenda analima kwenye kipande kidogo ambacho daftari halikijui kabisa.

Ukiniuliza ufisadi halisi wa mfumo huu ulikuwa wapi, nitakupeleka kwenye kamati ya kaunti. Tangu miaka ya 1930 mipango hii imekuwa na kamati za wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, siku hizi watu 3 hadi 11. Wazo zuri: anayelijua shamba ndiye aamue. Lakini kwenye kaunti ambazo weusi hawakuwa na sauti, kamati ilikuwa baraza la majirani weupe, na mkulima mweusi aliyeomba mkopo au msaada wa maafa aliambiwa subiri mpaka msimu wa kupanda umepita. Kesi iliyofunguliwa mwaka 1997, inayojulikana kama Pigford, ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1999. Wengi wa waliokubaliwa walilipwa dola 50,000 kila mmoja, na mwaka 2010 zikatengwa dola bilioni 1.25 nyingine kwa waliochelewa kudai. Wakati hela inafika, wengine walikuwa wameshapoteza mashamba.

Mdogo wako na ekari zake kumi. Kwanza hadhi yake ya ukaazi. Raia, au mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, yuko sawa. Asiye nacho asianze kujaza fomu yoyote kabla hajazungumza na mwanasheria. Akiwa sawa, aende ofisi ya FSA ya kaunti ya shamba, si ya anakoishi kama ni tofauti, akiwa na mkataba wa ukodishaji ulioandikwa. Awaombe shamba lipewe namba kwa jina lake kama mwendeshaji. Bila namba hiyo yeye hayupo, hata akivuna magunia.

Kabla hajatia sahihi mkataba, amuulize mwenye shamba maswali mawili: zile ekari kumi zina ekari za msingi ngapi, na za zao gani? Na je, ziko ndani ya mkataba wa CRP? Ikiwa ziko CRP asizilime kabisa. Ni kuvunja mkataba, na mwenye shamba atadaiwa arudishe hela. Ikiwa zina ekari za msingi na anakodi kwa fedha taslimu, malipo ya mahindi yanaweza kuwa yake hata akipanda kitu kingine kinachoruhusiwa. Mwenye shamba akisema "hayo tuachie sisi", hapo akae chini ahesabu kodi upya. Asitegemee utajiri, lakini: ekari kumi za msingi, zikiwa hazijazuiwa na lile sharti la mashamba madogo, kwa hesabu yangu ya 2016 zingempa dola 433 na senti 50, na mwaka ambao bei iko juu ya rejea hapati kitu.

Kama anataka mboga, aulizie NAP, mpango wa maafa kwa mazao yasiyo na bima ya kawaida. Ada yake ni dola 325 kwa zao, lakini mkulima mpya, yaani aliyelima miaka kumi au chini yake, husamehewa, mradi ajisajili. Kinga ya msingi si kubwa: hasara lazima izidi nusu ya mavuno, na hulipwa kwa asilimia 55 ya bei. Aulizie pia mkopo mdogo wa FSA, hadi dola 50,000, ambao fomu zake ni chache kuliko za mikopo mikubwa. Mara nyingi kwenye jengo hilo hilo wapo watu wa hifadhi ya udongo, na hao huchangia gharama ya kujenga nyumba za plastiki za kulimia mboga wakati wa baridi. Aombe kabla ya kujenga. Akijenga kwanza halafu ndiyo apeleke risiti, hawarudishi kitu.

Na mwezi Julai, kabla ya tarehe 15, asimame kwenye ile kaunta, wamtolee picha ya vipande vyake, aangalie kila mstari.